Benchi la Gelsenkirchen

Usiku wa Jumamosi, 22 Mei 2010, mjomba wangu alinilipia shilingi ishirini niingie kwenye kibanda cha kuonyesha mpira kule Likoni. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikubali shingo upande, maana mechi ilianza saa nne kasorobo na kesho yake kulikuwa na madrasa. Ilikuwa fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Inter Milan na Bayern Munich, Madrid. Kati ya watu waliobanana mle ndani, sidhani kama hata watano walikuwa mashabiki wa Inter kabla ya Januari ya mwaka ule. Tulikuwa tumekuja kumwona McDonald Mariga.

Mariga alikuwa benchi. Kila kamera ilipopita pale tulipiga kelele kana kwamba amefunga. Diego Milito alifunga la kwanza, akafunga la pili, na kwetu maana ya mabao yale ilikuwa moja tu: mechi imekwisha kuamuliwa, sasa José Mourinho anaweza kumwingiza kijana wetu hata kwa dakika tano. Akaingia Stanković. Akaingia Muntari. Dakika ya tisini na mbili ubao wa akiba ukainuliwa kwa mara ya mwisho, kibanda kizima kikasimama, na aliyeingia akawa Marco Materazzi. Jamaa mmoja nyuma yangu alimtukana Mourinho kwa Kidigo, kirefu, na hakuna aliyemnyamazisha. Kisha Mariga akaonekana amevaa medali, na tukashangilia tena, ingawa si kwa sauti ile ya mwanzo. Alikuwa Mkenya wa kwanza kutwaa kombe lile. Tulirudi nyumbani kwa miguu, na mjomba hakusema neno mpaka tulipofika mlangoni.

Nimesimulia hayo kwa sababu, miaka kumi na mitano baadaye, nilimpata mtu mwingine aliyekaa pale pale.

Ilikuwa bahati tu. Machi 2025 Benni McCarthy alitangazwa kuwa kocha wa Harambee Stars, na kama vijana wengi nikaanza kutafuta picha zake za zamani. Mchezaji huyu wa Afrika Kusini ndiye aliyekuwa mfungaji bora wa ligi ya Ureno msimu wa 2003/04, mabao 20, na ndiye aliyeifunga Manchester United mara mbili usiku mmoja pale Porto. Nikaitazama fainali ya 2004 yote: Porto na Monaco, Gelsenkirchen, Ujerumani, tarehe 26 Mei. Porto ilishinda 3-0. Carlos Alberto, kijana wa miaka 19, alifunga la kwanza, Deco la pili, Dmitri Alenichev aliyetokea benchi akafunga la tatu. McCarthy mwenyewe aliingia dakika ya 78. Dakika ya 85 Pedro Emanuel akachukua nafasi ya Deco, na mabadiliko yakaisha. Nikasimamisha picha kuangalia orodha ya waliobaki. Kulikuwa na kipa, kulikuwa na mabeki wawili, na kulikuwa na mshambuliaji mmoja: Edgaras Jankauskas, Lithuania. Kocha alikuwa yule yule Mourinho.

Mlithuania wa kwanza kutwaa Ligi ya Mabingwa, kwa hiyo, aliitwaa kama Mkenya wa kwanza alivyoitwaa. Nilicheka peke yangu chumbani. Halafu nikaanza kumsoma.

Jankauskas alizaliwa Vilnius tarehe 12 Machi 1975, nchi ambayo kwenye ramani za wakati ule haikuwapo. Lithuania ilikuwa dola huru kati ya vita viwili vya dunia. Mwaka 1924 ilipeleka hata timu ya mpira kwenye Olimpiki ya Paris, ikachapwa 9-0 na Uswisi. Mwaka 1940 ikamezwa na Muungano wa Kisovieti, na kwa miaka hamsini mtoto wa Vilnius akiwa hodari wa mpira alikuwa na daraja moja tu la kupanda: kutoka klabu ya jamhuri yake kwenda ligi kuu ya Kisovieti, na kutoka hapo, akibahatika, kwenda timu ya taifa ya Kisovieti.

Klabu ya Vilnius iliitwa Žalgiris. Jina lenyewe ni somo la historia. Žalgiris ndivyo Walithuania wanavyoyaita mapigano ya 1410, pale majeshi ya Poland na Lithuania yalipowavunja mashujaa wa Kijerumani wa msalaba. Wakuu wa Moscow hawakuona ubaya, maana adui katika kisa kile ni Mjerumani. Lakini jina la ushindi wa taifa hubaki jina la ushindi wa taifa, na umati uliojaa uwanjani ulijua unapiga kelele za nini. Mwaka 1987 Žalgiris ilimaliza ya tatu katika ligi kuu ya Kisovieti, juu ya vigogo wengi wa Moscow. Mwaka uliofuata, pale Seoul, Arminas Narbekovas wa Žalgiris alipata dhahabu ya Olimpiki baada ya timu yake kuifunga Brazili 2-1. Kwenye kitabu cha rekodi dhahabu ile ni ya Muungano wa Kisovieti. Katika Olimpiki hiyo hiyo dhahabu ya basketiboli nayo ilikwenda kwa Wasovieti, na nguzo za timu ile walikuwa Walithuania wanne: Sabonis, Marčiulionis, Kurtinaitis na Chomičius. Mtu akiuliza kwa nini nchi ndogo kama ile ilichoka kuazimwa, sehemu ya jibu iko kwenye medali hizo.

Tarehe 23 Agosti 1989 watu wapatao milioni mbili walishikana mikono kutoka Vilnius kupitia Riga hadi Tallinn, mnyororo wa zaidi ya kilomita mia sita. Tarehe 11 Machi 1990 bunge la Vilnius likatangaza kurudishwa kwa uhuru, jamhuri ya kwanza ya Kisovieti kufanya hivyo. Hesabu tarehe vizuri. Jankauskas alilala usiku ule akiwa na miaka kumi na minne, raia wa Kisovieti kwa kuzaliwa, akaamka ametimiza kumi na mitano katika nchi iliyosema haimo tena.

Msimu wa ligi ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Žalgiris ikajiondoa. Wanahistoria wa siasa hulipita jambo hili kwa nusu sentensi, nami nadhani wanakosea. Azimio la bunge ni karatasi, na Moscow ingeweza kulipuuza, kama ilivyojaribu. Lakini timu isipotokea uwanjani, pengo linaonekana na kila mtu mwenye gazeti, kila wiki, kwenye jedwali la ligi. Klabu za Georgia, Dinamo Tbilisi na Guria, zilifanya vivyo hivyo mwaka ule. Na gharama ilikuwa kubwa. Timu iliyokuwa ikipimana nguvu na Spartak na Dynamo Kyiv ilijitoa kwenda kucheza na majirani, mbele ya watazamaji wachache, bila fedha. Narbekovas na mshambuliaji mwenzake Valdas Ivanauskas walikwenda zao, na muda si mrefu wote wawili wakawa Vienna, Austria. Kuanzia Aprili Kremlin iliikatia Lithuania mafuta na gesi kwa wiki kadhaa. Januari 1991 vifaru viliingia Vilnius. Usiku wa kuamkia tarehe 13 watu wasio na silaha walizunguka mnara wa televisheni, na kumi na wanne wakauawa katika siku zile.

Huo ndio mji ambamo kijana mrefu wa miaka kumi na sita alianza kupanda kuelekea timu kubwa ya Žalgiris. Waliomtangulia walikuwa wameondoka, na daraja la zamani lilikuwa limevunjwa na watu wa nyumbani wenyewe. Huwa nawaza kwamba kizazi chake kilipata vitu viwili kwa pamoja: nchi yao, na ligi mbovu.

Nilipowasilisha habari hii kwenye semina, mwenzangu mmoja aliuliza swali lililonikera kwa wiki nzima. "Sasa huyu alifunga mangapi kwenye hiyo fainali?" Darasa likacheka. Nilikuwa nimetayarisha jibu refu juu ya historia ya watu wa kati, wale ambao si wafalme wala si wanyonge, lakini halikutoka. Nilisema tu, sifuri, nikakaa.

Ningeendelea ningesema juu ya 1996. Mwaka huo Jankauskas alipata klabu yake ya kwanza nje ya nchi, na ilikuwa CSKA Moscow. Herufi hizo zinasimamia Klabu Kuu ya Michezo ya Jeshi. Enzi za Kisovieti wachezaji wa jamhuri za pembeni walijikuta pale kwa amri, kama utumishi wao wa kijeshi. Askari wa mwisho wa Urusi alikuwa ameondoka Lithuania tarehe 31 Agosti 1993, haijatimia hata miaka mitatu. Na sasa mshambuliaji wa Vilnius, aliyekuwa mvulana wakati wa vifaru, anapanda kwenda Moscow kwa hiari yake, kwa mshahara, kufungia mabao klabu yenye jina la jeshi.

Mtu anaweza kuiandika hiyo kama usaliti au kama upatanisho. Mimi naiona kama soko. Ligi ya nyumbani haikuweza kumlisha, Magharibi ilikuwa bado haimjui, na Moscow ilikuwa mahali ambapo watu walijua Žalgiris ni nini. Njia za dola lililokufa hubaki zikipitika muda mrefu baada ya bendera kushushwa. Sisi tunaosomea Nairobi na kutuma maombi ya shahada London hatuna haki ya kushangaa.

Baada ya msimu mmoja CSKA na muda mfupi Torpedo, alivuka kwenda Ubelgiji, Club Brugge, na mwaka 1998 akawa bingwa wa ligi ya huko. Hapo kuna jambo la sheria ambalo wachambuzi wa mpira hawalitaji vya kutosha. Desemba 1995 mahakama ya Ulaya ilikuwa imetoa hukumu ya Bosman: mchezaji aliyemaliza mkataba aondoke bure, na klabu zisiwekewe ukomo wa idadi ya raia wa Umoja wa Ulaya. Milango ilifunguka kwa kishindo. Lakini ilifunguka kwa wenye pasipoti husika, na pasipoti ya Lithuania haikuwa mojawapo. Wakati Mreno au Mholanzi alianza kuhamahama kama mtu wa nyumbani, yeye alibaki mgeni wa kuhesabiwa. Kwa hiyo ninaposoma kwamba kutoka Brugge alikwenda Real Sociedad ya San Sebastián, klabu ambayo hadi mwaka 1989 ilikuwa imejifungia Wabaski watupu kwa miongo kadhaa, naona mtu aliyelazimika kuwa bora kidogo kuliko mwenyeji ili apate nafasi sawa na mwenyeji. Mariga aliijua hesabu hiyo. Januari 2010 alikuwa karibu kabisa kujiunga na Manchester City, kibali cha kazi kikakataliwa. Kanuni za Uingereza ziliangalia nchi yako imeshika nafasi ya ngapi kwenye orodha ya FIFA, na Kenya ilikuwa chini. Siku chache baadaye Inter ikamchukua kutoka Parma.

Miaka ya Hispania nitaipita haraka. Ilikuwa miaka ya kazi. Iliyobadilisha mambo ni miezi michache ya mkopo pale Benfica, nusu ya pili ya msimu wa 2001/02. Mabao 8 katika mechi 12 za ligi. Mshambuliaji wa umbo lile, mrefu, anayepokea mpira akiwa amewapa mgongo mabeki na kuwangoja wenzake, ghafla alionekana amepata nchi inayomfaa. Ila hakubaki Lisbon. Kiangazi kile Mourinho alikuwa anaijenga Porto yake kwa wachezaji ambao klabu kubwa hazikuwataka: Derlei na Nuno Valente kutoka União de Leiria, Paulo Ferreira kutoka Setúbal, Maniche aliyeachwa na Benfica. Jankauskas alikuwa mmoja wao. Msimu wa kwanza walitwaa ligi, kombe la Ureno na Kombe la UEFA. Wa pili wakatwaa ligi tena, na kisha ile ya Gelsenkirchen.

Hapa lazima niwe mkweli juu ya mtu wangu. Hakuwa nyota wa Porto ile. Mwanzoni kulikuwa na Derlei na Hélder Postiga mbele yake, kisha akaja McCarthy. Alikuwa mshambuliaji wa tatu, pengine wa pili mtu akiumia, na alicheza baadhi ya mechi za kampeni ile ya Ulaya bila kuwa yeye anayepangwa kwanza. Kocha wa aina ya Mourinho anahitaji mtu kama huyo: mkongwe asiyenuna, anayejua kuingia dakika ya sabini akashika mpira kwenye kona mpaka refa atazame saa. Timu ikiongoza 3-0 haihitaji mtu wa kufunga wala wa kushikilia. Inahitaji beki, na ndiyo maana akaingia Pedro Emanuel. Ndiyo maana, miaka sita baadaye, akaingia Materazzi. Kibanda chetu cha Likoni hakikutaka kulielewa hilo, na sasa ninalielewa, na bado naona Mariga angeingia.

Tazama lakini tarehe. Lithuania ilijiunga na NATO tarehe 29 Machi 2004. Tarehe 6 Aprili bunge lake lilimwondoa rais Rolandas Paksas madarakani, rais wa kwanza wa Ulaya kuondolewa kwa njia hiyo. Tarehe 1 Mei nchi ikaingia Umoja wa Ulaya. Tarehe 26 Mei Jankauskas akavaa medali. Katika majuma manane nchi ile ilipata ulinzi, ikapoteza rais, ikapata soko, na mtoto wake mmoja akawa bingwa wa Ulaya. Pasipoti iliyomfanya mgeni kwa miaka saba ilikuwa imegeuka kuwa ya mwenyeji wiki tatu na nusu kabla ya fainali. Alikuwa na miaka 29. Kwa mshambuliaji, milango ilifunguka jioni.

Na kwao? Kwao wanapenda basketiboli. Si mapenzi ya kawaida. Ni kitu kinachokaribia dini. Waliitwaa Ulaya mwaka 1937 na 1939, kabla ya kumezwa. Mwaka 1992, Olimpiki yao ya kwanza baada ya uhuru, waliishinda timu ya waliokuwa Wasovieti 82-78 wakapata shaba, na wachezaji wakapanda jukwaani na fulana za rangirangi walizochangiwa na bendi ya Kimarekani, Grateful Dead. Septemba 2003, Jankauskas akiwa Porto, waliitwaa Ulaya tena. Katika nchi kama hiyo mtu mrefu akichagua mpira wa miguu amekwisha kukaa benchi kabla hajaanza. Kwa timu ya taifa alicheza mechi 56, mabao 10, na Lithuania haijawahi kufika Kombe la Dunia wala fainali za Euro. Ilikuwa na usiku wake wa kukumbukwa, sare ya 1-1 na Ujerumani ugenini Machi 2003, na sare nyingine ya 1-1 kule Naples Septemba 2006 mbele ya Italia iliyotoka kutwaa Kombe la Dunia. Usiku tu.

Baada ya Porto alikwenda kwa mkopo Nice, kisha Edinburgh, na Edinburgh ndiyo sura ninayotamani mtu aiandikie kitabu. Hearts ilikuwa imenunuliwa na Vladimir Romanov, mwenye benki kutoka Kaunas, na kwa muda klabu ya Uskoti ikageuka kituo cha Walithuania. Msimu wa 2005/06 ilianza bila kufungwa. Kocha George Burley akaondolewa Oktoba huku timu ikiongoza ligi. Akaja mwingine, naye akaondolewa. Na mwishowe akakabidhiwa Valdas Ivanauskas, yule yule wa Žalgiris ya 1987. Hearts ikamaliza ya pili, ikawatenganisha Celtic na Rangers, na tarehe 13 Mei 2006 ikatwaa Kombe la Uskoti kwa penalti dhidi ya Gretna. Kizazi kilichoondoka Vilnius ligi ilipovunjika na kizazi kilichobaki kikaokota vipande vilikutana kwenye chumba kimoja cha kubadilishia nguo, Uskoti, kwa fedha za benki ya kwao. Benki ile, Ūkio bankas, ilianguka mwaka 2013, na klabu nusura ife nayo.

Alimalizia Cyprus, Marekani kwa New England Revolution mwaka 2009, na kwingineko. Kati ya 2016 na 2018 alikuwa kocha wa timu ya taifa, na hakukuwa na muujiza.

Juzi nilimpigia mjomba kumweleza haya yote. Ana simu mpya, sauti inakatika, ikabidi niseme jina la Jankauskas mara tatu na bado akaliita Yakobo. Alitaka kujua jambo moja.

"Aliingia?"

"Hakuingia, mjomba."

"Na kocha ni yule yule?"

"Yule yule."

Akanyamaza. Nikasikia kwa mbali mtu akinunua muhogo.

"Na huko kwao walifanyaje?"

Nikamwambia huko kwao wanacheza basketiboli. Akacheka mpaka akakohoa, halafu akaniuliza kama Idi hii nitashuka.